Deraya za Kitani na Ngozi za Wagiriki wa Kale: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya hujirudia kila mada ya silaha za Wagiriki inapoguswa: kwa wanafunzi wa historia, kwa wacheza michezo ya kompyuta, na kwa mafundi wanaotaka kujishonea vazi la askari wa zamani. Kila jibu linajitosheleza. Pale ambapo jambo limeelezwa kwingine, utaelekezwa huko.

## Mambo ya mwanzo

Deraya ya kitani ni kitu gani hasa?

Ni vazi la vita la kukinga kiwiliwili, lililotengenezwa kwa kitambaa kinene cha kitani badala ya bamba la bronzi (shaba iliyochanganywa na bati) au la chuma. Kitani ni nyuzi zinazotolewa kwenye shina la mmea, na ndicho kile kinachotajwa mara nyingi katika Biblia kama vazi la makuhani.

Kwa Wagiriki, vazi hili huhusishwa na umbo linaloonekana sana kwenye michoro kuanzia karne ya 6 KK. Kuna kipande kipana kinachozungushwa kiwiliwili, mbawa mbili zinazotoka mgongoni, kupita mabegani na kufungwa kifuani, na safu ya vipande vinavyoning'inia chini ya kiuno. Katika ukurasa huu umbo hilo linaitwa "deraya ya kuzungushia". Nimefanya hivyo makusudi. Umbo ni jambo moja na malighafi ni jingine, na ubishi mwingi wa mada hii unatokana na kuyachanganya hayo mawili.

Wagiriki wenyewe waliiita "linothorax"?

Si kama jina la vazi. Kwa Kigiriki linon ni kitani na thorax ni deraya. Homer, mshairi wa kale, ana neno hilo mara mbili katika kitabu cha pili cha Iliad, na mara zote ni sifa ya mtu: Ajax mwana wa Oileus, na Amphius aliyepigana upande wa Troya, wanasifiwa kuwa watu wa deraya ya kitani. Waandishi wa baadaye walisema tu "thorax ya kitani". Ya ngozi ilikuwa na jina lake, spolas. Pollux, mwanazuoni wa karne ya 2 BK, anaeleza kwamba ni thorax ya ngozi inayoning'inia kutoka mabegani.

Kuna hata moja iliyobaki mpaka leo?

Nzima, hapana. Kitani na ngozi huoza, na udongo wa Ugiriki si mkavu kama mchanga wa Misri. Makaburi ya Mycenae, yaliyochimbwa na Heinrich Schliemann mwaka 1876, yalitoa kipande cha kitani cha matabaka 14 yaliyolazwa pamoja. Hicho ni cha kale mno, karibu miaka elfu moja kabla ya michoro tunayoizungumzia, na si lazima kiwe cha deraya.

Kilicho karibu zaidi ni deraya ya chuma iliyotoka kaburi la pili la Vergina, Makedonia, lililofunguliwa na Manolis Andronikos mwaka 1977. Ni bamba za chuma zenye mistari na vichwa vya simba vya dhahabu, ila zimeungwa kwa umbo lile lile la kuzungushia, mbawa za mabega zikiwemo. Fundi aliiga kwa chuma vazi ambalo kila mtu alilijua kwa malighafi laini.

Basi tunajuaje kwamba zilikuwepo?

Kwa michoro, sanamu na maandishi. Kati ya michoro, ningemshauri mtu aanze na kikombe cha mvinyo cha mchoraji Sosias, cha mwaka 500 KK hivi, kilichoko Berlin. Achilles, shujaa wa vita vya Troya, anamfunga rafiki yake Patroclus kidonda cha mkono. Tazama bega la Patroclus: ubawa mmoja wa deraya umefunguka, na badala ya kulala umesimama wima kama ubao. Kitambaa cha kawaida kingeanguka. Mchoraji alijua kwamba mbawa zile zilikuwa ngumu lakini zenye kunepa, na kwamba zikiachiwa hurudi juu. Mfano huo mmoja unasema mengi kuhusu malighafi kuliko kurasa kumi za nadharia.

Wa pili ni jiwe la kaburi la Aristion, la mwaka 510 KK hivi, lililo kwenye Makumbusho ya Taifa ya Athens. Hapo unaona jinsi vazi linavyoshika mwili bila kuubana, na mikunjo ya kanzu fupi ikichungulia chini yake.

## Malighafi

Ilikuwa kitani au ngozi?

Hili ndilo swali linaloulizwa kuliko yote, na kosa liko kwenye hilo "au".

Upande wa kitani una maandishi ya mapema. Mbali na Homer, mshairi Alcaeus wa Lesbos, karibu mwaka 600 KK, anahesabu silaha zilizojaa ukumbini na kutaja deraya za kitani kipya. Katika karne ya 4 KK, Aeneas, mwandishi wa mbinu za vita, anaeleza jinsi silaha zilivyoweza kuingizwa mjini kwa siri, na deraya za kitani zimo katika orodha yake.

Upande wa ngozi una Waathene wenyewe. Xenophon, aliyepigana kwa mikono yake, anataja spolas anaposimulia safari ya askari Wagiriki wakirudi kutoka Babeli. Wapanda farasi wapatao hamsini waligawiwa spolas na thorax, vitu viwili tofauti. Na katika tamthilia ya Aristophanes ya mwaka 414 KK mtu anavuliwa spolas yake, iliyovaliwa juu ya kanzu, apewe mshairi anayetetemeka kwa baridi. Hapo inaonekana ni vazi la kila siku ambalo hadhira yote iliifahamu.

Ukihesabu waandishi wa Athens wa karne ya 5 na ya 4 KK wanaozungumzia askari wa kwao, utaona kitani hutajwa zaidi kwa wageni au kwa zawadi za ajabu, na ngozi hutajwa kwa watu wa kawaida. Kwa hiyo mimi naegemea ngozi kwa hopliti wa kawaida wa Athens, yaani yule askari wa miguu wa ngao kubwa na mkuki. Kitani nakiweka zaidi mashariki, visiwani, na kwa wenye mali. Lakini umbo la kuzungushia lingeweza kukatwa kwa chochote kati ya hivyo viwili, na hata kwa vyote pamoja: ngozi nje, kitani ndani.

Ngozi ya namna gani? Ile ngumu ya kuchemshwa?

Ngozi mbichi iliyokaushwa tu ni ngumu sana, lakini ikilowa hulegea kama ngozi ya ngoma iliyonyeshewa. Ngozi iliyopikwa kwa magome ya miti hustahimili maji zaidi na hubaki kahawia. Ipo na njia ya tatu: ngozi iliyotengenezwa kwa shabu, ile chumvi nyeupe ya madini. Hiyo hutoka nyeupe na hunepa bila kupasuka. Shabu haikuwa adimu. Ilichimbwa katika kisiwa cha Melos na huko Misri.

Ngozi nene ya ng'ombe iliyotengenezwa kwa shabu inafanya yote tunayoyaona kwa Sosias: husimama, hunepa, na ni nyeupe. Ile ya kuchemshwa na kubanwa kwenye kalibu ijulikane kuwa ni sifa ya Ulaya ya karne za kati. Hakuna haja ya kuwavika Wagiriki.

Kwa nini kwenye vyungu huchorwa nyeupe?

Kwa sababu nyingi zilikuwa nyeupe. Hilo halimalizi ubishi, maana kitani kilichoanikwa juani na ngozi ya shabu vyote ni vyeupe. Juu ya weupe huo walipaka mapambo: mistari ya rangi ukingoni, nyota mabegani, kichwa cha Gorgo, yule jini wa kike mwenye nywele za nyoka, kifuani.

Kitani kilitoka wapi?

Ugiriki yenyewe ilikilima. Vibao vya udongo vya ikulu ya Pylos, vya miaka ya 1200 KK hivi, vina hesabu za kitani kilichodaiwa vijijini. Kilichosifika zaidi kilitoka nje: Misri, Kolkhi kwenye Bahari Nyeusi, na Carthage. Xenophon akiwashauri wawindaji juu ya nyavu anataka uzi wa Phasis, mto wa Kolkhi, au wa Carthage.

Kazi ya kukipata ni ndefu. Mmea hung'olewa, hulowekwa mpaka shina lioze, hupondwa, huchanwa, ndipo nyuzi zisokotwe na kufumwa. Kusokota na kufuma kulikuwa kazi ya wanawake nyumbani. Anayesema kitani kilikuwa rahisi kwa sababu ni "nguo tu" hajafikiria ni mita ngapi za kitambaa zinazomezwa na vazi la matabaka kumi na zaidi.

Nimesoma kuhusu deraya yenye nyuzi 360 katika uzi mmoja. Ni kweli?

Herodotus, mwanahistoria Mgiriki wa karne ya 5 KK, anasimulia hivyo. Farao Amasis, wa karne ya 6 KK, aliwapelekea Wasparta deraya ya kitani yenye picha za wanyama zilizofumwa ndani yake, ikapambwa kwa dhahabu na pamba. Kila uzi, japo mwembamba, ulikuwa umesokotwa kwa nyuzi 360, zote zikionekana. Haikufika Sparta; Wasparta waliwatuhumu watu wa Samos kuwa waliipora njiani. Nyingine kama hiyo Amasis aliiweka wakfu kwa Athena huko Lindos, kisiwani Rhodes.

Ya Lindos ilidumu karne nyingi. Pliny, mwandishi Mroma wa karne ya 1 BK, anasema nyuzi zilikuwa 365, na kwamba Mucianus, aliyewahi kuwa konsuli mara tatu, aliikagua mwenyewe. Kilikuwa kimebaki kipande kidogo tu, kwa sababu kila mgeni alitaka kuzihesabu nyuzi kwa vidole vyake. Watalii ni wale wale.

Ila hii ilikuwa zawadi ya mfalme kwa mungu wa kike. Kuitumia kama kielelezo cha vazi la mkulima aliyeitwa vitani si haki.

## Ujenzi

Ilikatwaje na ilivaliwaje?

Vipande vikuu ni viwili. Cha kwanza ni cha kiwiliwili, kirefu cha kutosha kuzunguka kutoka mbavu za kushoto mpaka kurudi pale pale. Ukingo wake wa juu umekatwa kupisha makwapa. Huungana upande wa kushoto kwa kamba, kwa sababu upande huo ndio unaofunikwa na ngao. Tundu linawekwa pale ambapo adui hafiki.

Cha pili ni cha mabega. Kimeshikizwa mgongoni, kina kiinuko cha kukinga kisogo, na kinaendelea mbele kwa zile mbawa mbili. Mvaaji kwanza hujifunga kiwiliwili, mbawa zikiwa zimesimama nyuma ya masikio yake. Kisha huzivuta moja moja mbele na kuzifunga kwa kamba kwenye pete au vifungo vya kifuani. Mvutano huo ndio unaolibana vazi mabegani na kuzuia uzito usilale sehemu moja. Wachoraji wa vyungu walipenda sana hatua hii ya kujifunga, na ndiyo maana tunaijua vizuri.

Vile vipande vya chini vinaitwaje na ni vya nini?

Huitwa pterige. Vinakinga kinena na mapaja huku vikiruhusu mguu kupanda farasi, kupiga goti au kukimbia. Ukingo mgumu usiokatwa ungemkwaza mtu. Mara nyingi ni safu mbili, ya ndani ikiziba nafasi za safu ya nje.

Matabaka ya kitani yaliunganishwa kwa gundi?

Hivyo ndivyo vitabu vingi na karibu kila video husema. Hakuna mwandishi hata mmoja wa Ugiriki ya kale anayetaja gundi kwenye deraya ya kitani.

Wazo hili lina historia yake. Niketas Choniates, mwandishi wa Bizanti (dola ya Roma ya mashariki), anaeleza jinsi Conrad wa Montferrat, mtukufu kutoka Italia, alivyopigana mwaka 1187 bila ngao, akiwa amevaa kitani kilicholowekwa kwenye mvinyo mkali wenye chumvi na kukunjwa mara nyingi. Hiyo ni zaidi ya miaka elfu na mia tano baada ya Alexander Mkuu wa Makedonia, na hata hapo kuna mvinyo na chumvi, si gundi. Vitabu vya Ulaya vya karne ya 19 vilivuta habari hiyo hadi kwa Wagiriki, na njiani gundi ikaingia. Baadaye Peter Connolly, mchoraji Mwingereza aliyeheshimika kwa vitabu vyake vya majeshi ya kale, alitengeneza ya kwake kwa kitani kilichogandishwa kwa gundi, na picha zake zikaenea duniani.

Baada yake alikuja Gregory Aldrete wa Chuo Kikuu cha Wisconsin–Green Bay pamoja na Scott Bartell na Alicia Aldrete. Walitengeneza mavazi ya kitani na kuyajaribu kwa mishale, na matokeo yao yalichapishwa mwaka 2013. Walitumia gundi ambazo watu wa kale walizijua, ya ngozi ya sungura na ya mbegu za kitani. Kazi yao ni ya maana sana, na inathibitisha kwamba vazi la gundi linawezekana na linakinga. Haithibitishi kwamba Wagiriki walilitengeneza hivyo. Watu hulisahau hilo mara tu wanapoona mshale umekwama.

Kama si gundi, matabaka yalishikanaje?

Kwa sindano. Matabaka kushonwa pamoja kwa mistari iliyokaribiana ni njia iliyotumika na kuandikwa mahali pengi duniani. Mfalme Louis XI wa Ufaransa, katika karne ya 15, aliagiza makoti ya vita ya matabaka 25 hadi 30 ya kitambaa yenye ngozi ya paa juu. Waazteki walivaa ya pamba iliyoshonwa nene, na Wahispania waliowavamia wakaiiga.

Njia nyingine ni ya kufuma: nyuzi za mshindio (za kukatisha) zinasokotwa mbili mbili kuuzunguka mtande (nyuzi zilizotandazwa), na kitambaa kinatoka kizito kama mkeka tangu mwanzo. Habari ya nyuzi za Amasis inaelekea huko zaidi kuliko kwenye gundi.

Nimeona zenye magamba ya chuma. Ni aina nyingine?

Ni umbo lile lile lililoongezewa. Kwenye vyungu, magamba huonekana mara nyingi ubavuni au kiunoni tu, huku mbawa za mabega zikibaki wazi. Yalishonewa juu ya ngozi au kitambaa.

## Vitani

Ilizuia mshale kweli?

Mara nyingi ndiyo, mara nyingine hapana. Katika majaribio ya Aldrete na wenzake, unene wa milimita 12 hivi ulisimamisha mishale iliyoigwa ya kale. Bartell alithubutu kupigwa mshale akiwa amevaa.

Upande wa pili yupo Leonymus, Mlakonia (mtu wa nchi ya Sparta) ambaye Xenophon anamwita mtu mwema. Milimani kwa Wakarduki, watu waliowashambulia njiani katika safari ile ya kurudi, mshale ulipenya ngao yake, ukapenya spolas, ukamwingia mbavuni na kumuua. Naye Pausanias, mwandishi wa safari wa karne ya 2 BK, aliziona deraya za kitani hekaluni Gryneion, Asia Ndogo. Anasema hazimfai sana mpiganaji, kwani chuma kikisukumwa kwa nguvu hupita, lakini humfaa mwindaji, maana meno ya simba na chui hukwama humo.

Kwa nini waliiacha deraya ya bronzi?

Hawakuiacha kabisa. Ile ya umbo la kengele, kama iliyozikwa Argos mwishoni mwa karne ya 8 KK na kufukuliwa mwaka 1953, ilipitwa na wakati, ila ya bronzi yenye umbo la misuli iliendelea kwa wenye uwezo.

Bei ilichangia. Katika tamthilia ya Aristophanes ya mwaka 421 KK, muuza silaha analia kwamba ana deraya ya mina kumi, yaani drakma 1,000, na amani imemharibia soko. Mteja anaipima kama inafaa kuwa choo. Bei hiyo imetiwa chumvi ya vichekesho, lakini mzaha usingeeleweka kama bronzi isingekuwa ghali. Ongeza joto la kiangazi, na ongeza kwamba bronzi hupimwa kwa mwili wa mtu mmoja, wakati kamba za deraya ya kuzungushia hulegezwa na kukazwa. Cornelius Nepos, mwandishi Mroma, anasema kamanda Iphicrates wa Athens, katika karne ya 4 KK, aliwavisha askari wake kitani ili wawe wepesi.

Alexander aliivaa?

Plutarch, mwandishi wa wasifu, anasema siku ya vita vya Gaugamela, mwaka 331 KK, alivaa deraya ya kitani ya matabaka mawili iliyotoka kwenye nyara za Issus, alikowashinda Waajemi kabla. Yaani ilikuwa ya Waajemi. Picha ya vijiwe iliyopatikana Pompeii mwaka 1831, sasa ikiwa Naples, inamwonyesha katika umbo la kuzungushia, yenye kichwa cha Gorgo kifuani.

Askari akipoteza vazi lake ilikuwaje?

Alitozwa faini. Kanuni za jeshi la Makedonia zilizochongwa kwenye jiwe huko Amphipolis, karibu mwaka 200 KK, zinataja faini: oboli mbili (oboli sita ni drakma moja) kwa kotthybos, vazi ambalo wanazuoni wengi hulichukua kuwa deraya laini, oboli tatu kwa mkuki mrefu, drakma moja kwa ngao. Ofisa alilipa maradufu, na kwa thorax yake drakma mbili.

Na mvua?

Gundi ya wanyama huyeyuka kwa maji, kwa hiyo anayeamini gundi lazima aongeze nta au mafuta juu. Kitani kilichoshonwa huwa kizito kikilowa, halafu hukauka. Kuhusu ngozi, tazama swali la aina za ngozi.

## Maswali ya pembeni

Ni Wagiriki peke yao waliokuwa nayo?

Hata kidogo. Herodotus anawavisha kitani Waashuri na Wafoinike katika jeshi la Xerxes, mfalme wa Uajemi. Xenophon aliwakuta Wakhalibe, kabila la Asia Ndogo, wenye kitani kilichofika kinenani na kamba nene zilizosukwa badala ya pterige. Livy, mwanahistoria Mroma, anaeleza kwamba Kaisari Augusto aliiona hekaluni Roma deraya ya kitani iliyotekwa kwa mfalme wa Veii, mji wa jirani, ikiwa na maandishi.

Ile ya ngozi nyeusi yenye misuli ninayoiona kwenye filamu?

Ni ya mbunifu wa mavazi. Deraya za misuli zilizofukuliwa karibu zote ni za bronzi.

Nataka kujitengenezea. Nianzie wapi?

Anza na karatasi ngumu ya boksi. Kata vipande viwili vilivyoelezwa juu, jifunge, kaa chini, inama, inua mikono. Wengi hukata kiwiliwili kirefu mno. Ukingo wa chini ukikuchoma mapajani unapokaa, ufupishe mpaka uishie kiunoni, uziachie pterige kazi iliyobaki.

Kisha chagua. Ukitaka kitani, nunua kizito kisichochanganywa na poliesta, kifue kwanza kisinywee baadaye, na ushone kwa shazia, matabaka machache kwa wakati, kabla ya kuyaunganisha yote. Ukitaka ngozi, tafuta nene ya ng'ombe na umwone fundi viatu: msharasi wake na uzi wake wa nta ndivyo vifaa vyenyewe. Ukiamua gundi, fahamu kwamba kipande kikikauka mkasi haukikati. Timu ya Wisconsin ililazimika kutumia msumeno wa umeme, kwa hiyo kata kila tabaka kwa umbo lake kabla ya kugandisha.

Majaribio ya mshale yafanyie kwenye gunia la mchanga.